Uvimbe wa shingoni: Vinasaba vyasema nani akatwe, nani aachwe

Na Mwandishi Wetu

KATI ya majibu yote ambayo mgonjwa mwenye uvimbe shingoni anaweza kupewa na daktari wake, jibu gumu kuliko yote si lile la kuwa ana saratani, wala lile la kuwa hana. Gumu ni jibu la tatu: kwamba vipimo vimeshindwa kuamua.

Kwa miongo mingi, aliyepata jibu hilo alipelekwa moja kwa moja katika chumba cha upasuaji. Nusu ya tezi yake ya thairoidi, wakati mwingine tezi yote, iliondolewa ili wataalamu waikate vipande vyembamba, waitazame kwa darubini na ndipo waseme ilikuwa na nini. Wengi wao waliambiwa, jeraha likiwa tayari limeshonwa, kuwa uvimbe wao haukuwa na hatari yoyote.

Ni hapo ambapo teknolojia ya kusoma mpangilio wa vinasaba imeingia kwa kishindo katika miaka 15 iliyopita. Vipimo vyake vinauzwa kwa bei kubwa, vinasifiwa katika mikutano ya kimataifa na vimebadili kweli kazi ya madaktari wa saratani ya thairoidi katika nchi tajiri. Hata hivyo, ukitazama kwa makini ni swali gani hasa kila kipimo kinajibu, picha inayojitokeza ni tofauti na ile ya matangazo. Kipimo ghali kuliko vyote kinatatua, kwa sehemu kubwa, tatizo lililozaliwa na vipimo vingine. Kile cha zamani na rahisi ndicho kinachoamua uhai wa mtoto.

Tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, uzito na, kwa mtoto mchanga, ukuaji wa ubongo. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji madini joto, yale yale yanayochanganywa katika chumvi ya mezani. Inapoyakosa hutanuka, na ndipo linapotokea rovu, ambalo mjini wengi hulifahamu kwa jina la goita.

Kuiondoa si jambo dogo. Asiye na tezi hiyo hulazimika kumeza kidonge cha homoni kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Nyuma yake hupita mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, na hapo hapo zimejishikiza tezi nyingine nne ndogo zinazosimamia kiwango cha kalsiamu katika damu. Kisu kikigusa mishipa hiyo, mwalimu anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza. Kikiharibu tezi hizo ndogo, mgonjwa hufa ganzi vidole na misuli yake hukakamaa.

Uvimbe wenyewe ni jambo la kawaida mno. Katika nchi zenye madini joto ya kutosha, daktari akipapasa kwa vidole hukuta uvimbe kwa takriban asilimia 5 ya wanawake na asilimia 1 ya wanaume. Akitumia kipimo cha ultrasaundi, idadi hiyo hupanda hadi kati ya asilimia 19 na 68 ya watu wa kawaida. Kati ya vivimbe vinavyochunguzwa, vyenye saratani ni asilimia 7 hadi 15 tu.

Hatua inayofuata ni sindano nyembamba inayovuta seli kutoka ndani ya uvimbe. Majibu yake hupangwa katika makundi sita kwa mfumo unaoitwa Bethesda, uliotokana na mkutano wa wataalamu katika mji wa jina hilo, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 2007. Kundi la tatu na la nne ndiyo ya njia panda, na kwa ujumla huchukua kati ya asilimia 15 na 30 ya sindano zote.

Sababu ya darubini kushindwa inaeleweka. Aina moja ya saratani ya thairoidi, iitwayo folikula, ina seli zinazofanana kabisa na za uvimbe usio na madhara. Tofauti ni moja: seli za saratani zimetoboa ganda linalouzunguka uvimbe na kutoka nje. Sindano huleta seli, haileti ganda. Ni sawa na kupewa konzi ya mchele na kuulizwa kama gunia limetoboka.

Herufi ndani ya seli

Kinachofanywa na teknolojia mpya ni kuacha kutazama umbo la seli na kusoma maelekezo yaliyomo ndani yake. Vinasaba vya binadamu ni maandishi marefu ya herufi nne, A, T, G na C, zipatazo bilioni 3. Mradi wa kimataifa wa kuyasoma maandishi hayo kwa mara ya kwanza ulikamilika Aprili 2003 baada ya kugharimu karibu dola bilioni 3. Leo mashine hufanya kazi ya namna hiyo kwa chini ya dola 1,000.

Saratani huanza pale herufi fulani, katika jeni fulani, inapobadilika na kuifanya seli iendelee kugawanyika bila kusikia amri ya kusimama. Kwa thairoidi, orodha ya mabadiliko hayo sasa inafahamika kuliko ya saratani nyingi nyingine. Mwaka 2014, wanasayansi wa mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya vinasaba vya saratani walichapisha uchunguzi wa vivimbe 496 vya aina ya papilari, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wingi. Kabla ya hapo, robo ya vivimbe vya aina hiyo havikujulikana chanzo chake katika vinasaba. Baada ya kazi hiyo, visivyojulikana vilibaki asilimia 3.5.

Jeni iliyoonekana zaidi ni BRAF, ambayo ilikuwa imebadilika katika takriban asilimia 60 ya vivimbe hivyo. Kosa lenyewe ni la herufi moja: mahali palipotakiwa kuwa na T pamewekwa A.

Makampuni hayakusubiri. Mwaka 2012, jarida la tiba la New England lilichapisha majaribio ya kipimo kiitwacho Afirma kwa vivimbe 265 vya njia panda. Kati ya 85 vilivyokuja kuthibitika kuwa saratani, kipimo kilivitambua 78. Saba kilivikosa, na sita kati ya hivyo ni kwa sababu sindano ilileta seli chache mno, kosa ambalo hakuna mashine inayoweza kulirekebisha. Kwa upande wa pili, kati ya vivimbe visivyo na saratani, karibu nusu bado vilitiliwa shaka bure.

Matoleo yaliyofuata yalipunguza shaka hiyo. Kipimo kingine, ThyroSeq, kilichobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kinasoma jeni 112. Matokeo ya majaribio yake katika vituo kumi, yaliyochapishwa mwaka 2019 kwa vivimbe 257, yalionyesha kuwa kilitambua asilimia 94 ya saratani na kuwaondolea wasiwasi asilimia 82 ya wasio nayo. Mwaka 2021, madaktari wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walivilinganisha vipimo hivyo viwili kwa wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo: asilimia 49 ya wenye uvimbe wa njia panda waliepuka upasuaji.

Hiyo ni nusu ya watu ambao zamani wangekatwa shingo ili tu kujua kama walistahili kukatwa. Hakuna anayeweza kulibeza jambo hilo.

Tatizo lilitoka wapi?

Swali ambalo waandishi wa matangazo ya vipimo hivi hawapendi kuliuliza ni vivimbe hivyo vyote vya njia panda vilitoka wapi. Mfano ulio wazi ni wa Korea Kusini. Tangu mwaka 1999 serikali ya huko iliendesha mpango wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani. Ingawa thairoidi haikuwamo katika mpango huo, hospitali nyingi ziliongeza ultrasaundi ya shingo kwa ada ndogo.

Kufikia mwaka 2011, wagonjwa wapya wa saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya wale wa mwaka 1993. Zaidi ya watu 40,000 waliambiwa mwaka huo kuwa wana ugonjwa huo, ilhali vifo vilivyotokana nao vilibaki kati ya 300 na 400 kwa mwaka, bila kupanda wala kushuka. Kama mlipuko huo ungekuwa wa ugonjwa halisi, makaburi yangeonyesha. Waliochapisha takwimu hizo mwaka 2014 waliueleza kuwa mlipuko wa kugundua: mashine zilikuwa zikitafuta saratani ndogo ambazo wenye nazo wangezeeka na kufa kwa sababu nyingine bila kujua kuwa wanazo.

Wajapani walikuwa wamekwisha kulihisi hilo. Katika Hospitali ya Kuma mjini Kobe, madaktari walianza mwaka 1993 kuwaacha wagonjwa wenye saratani ndogo za papilari bila kuwakata, wakiwafuatilia kwa ultrasaundi. Mwaka 2014 walitoa taarifa ya wagonjwa 1,235 wa namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa saratani ya thairoidi.

Kisha ukaja uamuzi wa ajabu zaidi. Mwaka 2016, jopo la wataalamu 24 wa patholojia kutoka nchi saba waliupitia upya uvimbe wa aina moja uliokuwa ukiitwa saratani, ule ambao umefungwa vizuri ndani ya ganda lake. Walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 109 kwa miaka kati ya 10 na 26. Wote walikuwa hai na hakuna aliyerudiwa na ugonjwa. Jopo likaamua kuufuta uvimbe huo katika orodha ya saratani na kuupa jina jipya. Kwa makadirio yao, uamuzi huo ungewahusu zaidi ya watu 45,000 kwa mwaka duniani. Aliyeongoza jopo hilo, Profesa Yuri Nikiforov, ndiye pia aliyeongoza ubunifu wa kipimo cha ThyroSeq.

Hapa ndipo usomaji wa vinasaba unapokumbana na mpaka wake. Uvimbe huo uliovuliwa jina la saratani mara nyingi una mabadiliko katika jeni za kundi la RAS. Mabadiliko hayo hayo hupatikana katika uvimbe usio na madhara kabisa, na vilevile katika saratani ya kweli. Mgonjwa anayeambiwa kuwa ana RAS iliyobadilika ameambiwa jambo la kweli, lakini hajaambiwa ana ugonjwa gani.

BRAF nayo ilipewa heshima iliyozidi. Mwaka 2013, uchunguzi wa wagonjwa 1,849 kutoka vituo 13 ulionyesha kuwa waliokufa kwa saratani ya papilari walikuwa asilimia 5.3 ya wenye mabadiliko ya BRAF, dhidi ya asilimia 1.1 ya wasio nayo. Magazeti mengi yaliishia hapo. Lakini watafiti walipoingiza katika hesabu mambo ambayo daktari huyaona bila vinasaba, kama kusambaa kwa ugonjwa nje ya tezi, tofauti hiyo ilikosa nguvu. Isitoshe, BRAF iliyobadilika hupatikana kwa wingi hata katika vivimbe vidogo vinavyokaa miaka bila kukua. Hofu ya kweli huja pale BRAF inapokutana na mabadiliko katika jeni nyingine, TERT.

Pale ambapo herufi ni dawa

Upo upande ambako usomaji huu umegeuza hukumu ya kifo kuwa mapambano. Saratani ya thairoidi iitwayo anaplastiki ni nadra, lakini ni miongoni mwa saratani kali kuliko zote zinazojulikana. Huota kwa wiki, hubana koo, na kwa miaka mingi wagonjwa wengi walikufa ndani ya miezi sita.

Sehemu kubwa ya vivimbe hivyo hubeba BRAF iliyobadilika. Mwaka 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa mbili zitumike pamoja, dabrafenib na trametinib, kwa wagonjwa hao. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 kwa wagonjwa 36, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 56 yao, na nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 14. Kwa ugonjwa mwingine takwimu hizo zingehuzunisha. Kwa huu, ni mapinduzi, na hakuna anayepewa dawa hizo bila jeni yake kusomwa kwanza. Majibu yakichelewa wiki nne, huenda yakamkuta mgonjwa hayupo.

Mwaka 2020 iliidhinishwa selpercatinib, dawa inayolenga jeni ya RET. Jeni hiyo ina historia ndefu. Baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka Aprili 26, 1986, watoto wa Ukraine, Belarus na Urusi walikunywa maziwa yenye madini joto ya mionzi, na tezi zao zikayafyonza kama kawaida yake. Watafiti waliosoma vinasaba vya saratani 440 kutoka Ukraine na kuchapisha matokeo mwaka 2021 waliona kuwa kadiri mtoto alivyopata mionzi mingi, ndivyo nyuzi za vinasaba zilivyokuwa zimekatika na kuungwa vibaya, RET ikiwa miongoni mwa jeni zilizoungwa na majirani wasio wake.

Dawa hizi zote hugharimu maelfu ya dola kila mwezi. Kipimo chenyewe cha uvimbe wa njia panda kinazidi dola 3,000 nchini Marekani, na hulipwa na bima.

Afrika Mashariki na RET

Kwa hospitali za Afrika Mashariki, njia panda ya Bethesda si msongamano mkubwa kuliko yote. Katika maeneo ya milimani, zikiwamo nyanda za juu kusini mwa Tanzania, rovu lilikuwa tatizo la vijiji vizima kabla ya kuenea kwa chumvi yenye madini joto, na bado wapo watu wazima waliobeba uvimbe kwa miaka mingi. Palipokosekana madini joto, saratani ya folikula na ya anaplastiki huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko kwingineko. Wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa unaonekana kwa mbali, hivyo swali la kukata au kutokata limekwisha kujijibu. Kinachokosekana ni sindano iliyochomwa mapema na mtaalamu wa patholojia wa kuisoma.

Aidha, hazina za kumbukumbu za vinasaba duniani zimejaa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya. Herufi inayoonekana ngeni katika damu ya Mwafrika huweza kuandikwa katika majibu kuwa haina maana inayojulikana, kwa sababu tu haijawahi kutafutwa miongoni mwa Waafrika wa kutosha.

Lakini kipo kipimo kimoja ambacho hoja hizo haziwezi kukizuia, nacho ni cha RET ya kurithi.

Kiasi cha robo ya saratani za thairoidi za aina ya medulari hutoka kwa wazazi. Anayerithi RET iliyobadilika huwa nayo katika kila seli ya mwili, hivyo tone la damu linatosha. Haihitajiki sindano ya shingo. Kila mtoto wa mzazi mwenye nayo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata, na asipotibiwa karibu kila mwenye nayo ya aina kali hupata saratani hiyo. Wengine hupata pia uvimbe katika tezi zilizo juu ya figo, ambao usipogunduliwa kabla ya upasuaji unaweza kumuua mgonjwa akiwa mezani kwa shinikizo la damu.

Kabla ya mwaka 1993, jeni hiyo ilipohusishwa na ugonjwa huo, watoto wote wa familia hizo walichomwa sindano za kuchochea homoni ya kalsitonini mwaka hata mwaka, ili kuona kama saratani imeanza. Nusu yao waliteseka bila sababu. Wengine waligundulika saratani ikiwa imekwisha kusambaa.

Sasa herufi iliyobadilika ndiyo inayotaja umri wa upasuaji. Kwa miongozo ya chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani ya mwaka 2015, mabadiliko katika nafasi ya 918 ya jeni hiyo yanamaanisha tezi iondolewe ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Yakiwa katika nafasi ya 634, iondolewe kabla ya mtoto kuvuka miaka mitano. Nafasi nyingine huruhusu kusubiri kwa uangalizi. Mwaka 2005, timu ya Marekani iliripoti watoto na vijana 50 waliokatwa kwa msingi huo. Miaka mitano au zaidi baadaye, 44 hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Kazi ya maabara ni ndogo. Maeneo ya jeni hiyo yanayopaswa kusomwa ni machache na yanajulikana, mashine za kizazi cha kwanza zinatosha, na damu inaweza kusafirishwa kwa siku kadhaa bila kuharibika. Kinachohitajika kabla ya hapo ni daktari kumuuliza kila mgonjwa wa medulari kuhusu ndugu zake, na kumwandikia yeye mwenyewe kipimo hata kama atajibu kuwa hakuna mwingine anayeumwa katika ukoo.

Anayekutwa nayo huitiwa watoto, kaka na dada zake. Asiyekutwa nayo, katika familia ambayo herufi yao imekwisha kufahamika, hufutwa katika orodha ya kliniki siku hiyo hiyo, na watoto wake hawatapimwa.